Kidonge Nilichorudisha

Mwanamke aliyekuwa akiniuzia mawe katika soko la Ishiara ndiye wa kwanza kunipa hongera. Mawe yenyewe ni yale laini ya kijivu ambayo wengi huyaita odowa, na ambayo wanawake wajawazito hupenda kuyatafuna. Alikuwa ameyapanga mafungu mafungu juu ya gunia, kando ya ndengu na tumbaku ya kunusa. Nilikuwa nimekwenda kwake mara nyingi kiasi kwamba aliponiona kwa mbali alianza kunichagulia vipande vilivyo laini zaidi. Siku hiyo alinifungia ndani ya gazeti, akaongeza kipande kimoja juu, kisha akanishika mkono.

"Hiki ni cha mtoto," akasema. "Hongera, mwalimu."

Nilimshukuru. Nikaenda nyuma ya vibanda vya mitumba, nikasimama hapo peke yangu na kukitafuna kile kipande cha mtoto mpaka kikaisha.

Nilikuwa nimeolewa miaka mingi na sikuwa na mtoto. Mume wangu ni fundi wa umeme, na kazi yake ilikuwa Nairobi, kwenye mijengo mikubwa ambayo mmoja ukiisha unaanza mwingine. Alikuja kuniona alipopata nafasi. Mimi nilikuwa nimehamishiwa shule moja ya msingi huko bondeni, mbali kidogo na Ishiara, nikipewa gredi ya tatu. Kwetu ni Kanyakine, kwenye ukungu na migomba. Huku chini nilikuta jua, mawe na vumbi jekundu, na watu wapole ambao lugha yao na Kimeru changu zinasikilizana nusu. Nilipoongea walinielewa, lakini walinijibu kwa Kiswahili, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango wa mbele badala ya kumwacha apitie jikoni.

Nilipanga vyumba viwili. Mwenye nyumba alikaa Embu mjini, na chumba cha tatu alikifunga kwa kufuli, kwa hivyo ploti nzima ilikuwa yangu na kuku wa jirani, ambaye nyumba yake iliegemea ukuta wangu kutoka ploti ya pili. Baada ya masomo nilikuwa nateremka hadi kwenye kijito cha nyuma, ambako nilipewa kijisehemu cha kulima. Nilipanda sukuma wiki, managu na vitunguu. Viatu niliviacha juu ya jiwe kabla ya kuingia shambani. Sikuwa na sababu nyingine ila kwamba udongo wa pale mtoni ulikuwa baridi, na huo ndio udongo pekee bondeni uliofanana na wa kwetu. Nilikuwa nasimama katika tope, maji yanapita katikati ya vidole, nami nafumba macho. Vidole vilipoanza kuwasha na kutoka vipele vidogo, nilipaka mafuta na kurudi kesho yake.

Uchovu ulikuja polepole mpaka nikauzoea. Kilima cha kwenda shuleni, ambacho nilikuwa nakipanda nikiimba, kilianza kunishinda. Nilisimama katikati nikijifanya natafuta kitu mkobani, moyo ukinipiga hadi masikioni. Baadaye ikaja ile hamu ya mawe. Nilianza kwa kunusa ukuta wa chumba changu mvua ilipopiga, harufu ikanijaza mate mdomoni. Kisha mwezi mmoja ukapita bila kuona hedhi, na wa pili nao ukapita.

Ningeweza kununua kipimo cha mkojo katika duka la dawa. Nilikuwa nimevinunua vingi katika ndoa yangu, nikavitazama vyote vikinionyesha mstari mmoja, na nilikuwa nimejiapiza kwamba sitanunua kingine. Safari hii niliamua kungoja tu. Kungoja kulikuwa na utamu wake.

Siku ya dawa za minyoo ilinikuta hapo. Wahudumu wa afya walikuja na makopo yao, tukawapanga watoto uani, gredi kwa gredi. Kazi ya kila mwalimu ilikuwa kumpa mtoto kidonge, kumtazama akikitafuna, kisha kumwambia afungue mdomo tuone kama amemeza. Watoto walikuwa wanacheka, wengine wanakunja nyuso kabla hata ya kuonja. Tulipomaliza, mhudumu mmoja, msichana mwenye sauti ya upole, alitujia sisi walimu na kopo mkononi.

"Walimu, na nyinyi mtafune," akasema. "Si nyinyi ndio mnashinda na hawa? Ila kama kuna aliye na mimba changa, huyo angoje kwanza."

Kidonge changu kilikuwa tayari kwenye kiganja. Wenzangu walitafuna huku wakitaniana. Mimi nilikitazama kidonge, nikakirudisha taratibu kwenye kifuniko cha kopo. Msichana yule aliitikia kwa kichwa. Lakini naibu wa mwalimu mkuu, mama mtu mzima aliyekuwa amesimama ubavuni mwangu, aliona. Mpishi wa shule, aliyekuwa mlangoni mwa jiko, naye aliona.

Hakuna aliyeniuliza. Mimba changa haiulizwi, si kwetu wala si kwao. Ila kuanzia siku iliyofuata mambo yalibadilika. Katika chumba cha walimu nilikuta kiti chenye mto kimewekwa karibu na dirisha, na kila mtu akikikwepa. Kipindi changu cha michezo kilichukuliwa na mwalimu mwingine kabla sijaomba. Saa ya mapumziko mpishi alinijia na kikombe cha uji wa wimbi uliotiwa maziwa, akakiweka mbele yangu na kuondoka bila kungoja asante. Kanisani, kina mama ambao awali walikuwa wananisalimu tu kwa kichwa walisogea ili nikae katikati yao. Hata jirani mwenye kuku alianza kuniletea mayai, akapiga hodi na kuingia, akaketi kitandani kwangu kama mtu wa nyumbani.

"Ukijisikia vibaya usiku, nipigie kelele tu," aliniambia. "Ukuta ni huu hapa."

Nilikuwa nimekaa huko zaidi ya mwaka na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Nikampigia mume wangu. Alikuwa kazini, na nyuma yake nilisikia mashine ya kuchanganya zege ikizunguka.

"Nadhani kuna kitu," nikamwambia.

"Kitu gani?"

"Kitu."

Nikamsikia akitembea, kelele za mashine zikibaki nyuma.

"Umepima?"

"Bado."

"Usipime," akasema haraka. Kisha, "Ama upime. Sijui. Wewe waonaje?"

"Mimi naona tungoje kidogo."

"Sawa. Tungoje."

Kabla ya hapo tulikuwa tunaongea mara moja moja, na maneno yetu yalikuwa mvua na gesi. Sasa alinipigia kila jioni. Aliniuliza nimekula nini, nimelala vipi, kama kile kilima hakinichoshi. Nilimjibu yote. Habari ya mawe sikumwambia, kwa kuwa nilijua angeniambia niache. Mimi nilikuwa nayo chini ya mto, na usiku nikiamka nilikuwa naramba kipande kimoja gizani kama mtoto mwenye peremende.

Nilianguka darasani, asubuhi, chaki mkononi. Nilikuwa naandika ubaoni, herufi zikaanza kuingia moja ndani ya nyingine, kisha nikasikia watoto wakipiga mayowe mbali sana, kana kwamba wako ng'ambo ya kijito. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelazwa kwenye benchi na mpishi ananipepea kwa kifuniko cha sufuria. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa kwenye simu, akimweleza mume wangu.

Alifika siku hiyo hiyo akiwa bado na nguo za kazi, vumbi la saruji kwenye nyusi. Asubuhi yake alinipeleka kwenye kliniki moja Embu mjini. Njia nzima alinishika kiwiko, hata mahali palipokuwa tambarare.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo asiye na haraka. Alivuta kope langu la chini, akatazama. Akaniambia nitoe ulimi. Akashika vidole vyangu na kuzikagua kucha moja moja.

"Mama, unakula udongo?"

Nilitazama sakafu. "Mawe," nikasema.

Mume wangu akageuka kunitazama.

"Na unalima? Unavaa nini miguuni?"

"Sivai kitu."

Daktari aliandika, kisha akatueleza kwamba anataka damu, choo na mkojo. "Damu na choo nadhani najua nitaona nini," alisema. "Mkojo ni kwa sababu ya dawa. Dawa yenyewe hatupendi kumpa mama mwenye mimba changa, kwa hivyo lazima nijue kwanza."

"Sawa sawa," mume wangu akasema, na nilisikia sauti yake ikitabasamu. "Pima yote, daktari."

Tulikaa kwenye benchi la korido tukisubiri majibu. Alikuwa amepakata mkoba wangu. Watu walipita, watoto walilia, na yeye alikuwa anatazama ukutani upande wa pili, akiwaza jambo. Mwishowe akaniegemea.

"Ile nyumba yetu ya Kanyakine," akasema, "swichi za kile chumba kidogo nimeziweka juu sana. Nitazishusha. Mtoto apate kuwasha taa mwenyewe."

Niliweka mkono wangu juu ya wake, nao ulikuwa mgumu na wenye joto, na tukabaki hivyo mpaka tukaitwa.

Daktari hakuzunguka. "Hakuna mimba," alisema. "Nimerudia kipimo ili niwe na hakika. Hii ni safura. Kuna minyoo wadogo sana, wanaingia kwa ngozi ya mguu mtu akikanyaga udongo wenye majimaji uliochafuliwa. Wamekaa tumboni wanakunyonya damu, na damu yako imeshuka sana. Ndiyo maana unachoka, ndiyo maana moyo unaenda mbio, ndiyo maana unatamani udongo. Mwili ukiishiwa hivyo, hata hedhi inaweza kusimama."

"Lakini una uhakika?" mume wangu akauliza.

"Nina uhakika, baba."

Hakuna aliyewahi kumwita baba mbele yangu kabla ya hapo. Daktari alilitumia kama heshima tu, kama wanavyomwita mwanamume yeyote wa umri wake. Nilimwona mume wangu akilipokea na kuinama.

Dirisha la dawa lilikuwa mwisho wa korido. Aliyekuwa ndani, kijana mwenye miwani, alinieleza kwa utaratibu, kama anayesoma. Hiki kidonge nitakitafuna leo. Hivi vyekundu ni vya kuongeza damu, nitavinywa kila siku, nisishtuke choo kikiwa cheusi. Nivae viatu shambani. Baadaye nirudi nipimwe, nikionekana bado nina minyoo nitarudia dawa.

"Na wale mnaokaa nyumba moja pia watafune, msije mkaambukizana upya kutoka udongo ule ule," akasema. "Mko wangapi nyumbani?"

Nilimsubiri mume wangu aseme.

"Mimi sikai huko," akasema.

Alisema kweli. Kijana akanitazama mimi.

"Ni mimi tu," nikasema.

Akasukuma kidonge kimoja kupitia tundu la kioo.

Mume wangu alisema anaenda kuninunulia maji, na hakurudi upesi. Nilipotoka nje nilimwona ng'ambo ya barabara, amesimama mbele ya duka la mapazia, mikono mifukoni, akiyatazama mapazia. Hakuwa anachagua wala kuongea na mtu. Nilibaki mlangoni mwa kliniki nikimtazama mgongo. Nilitaka kuvuka nimfikie, lakini miguu yangu haikuwa na nguvu ya kuivuka ile barabara mbio.

Aliporudi alinipa chupa ya maji, kifuniko akiwa ameshakifungua.

"Tafuna basi," akasema.

Nilikitafuna. Kilikuwa kitamu kidogo, kama chaki iliyotiwa sukari. Nilikumbuka watoto wangu wakikunja nyuso, nikashangaa walikuwa wanakunjia nini.

"Ni chungu?"

"Hapana."

"Angalau si ugonjwa mbaya," akasema. Akasema tena, kwa sauti ya chini, "Angalau."

Alinisindikiza hadi stendi, akanipandisha gari la Ishiara, naye akashika la Nairobi. Mjengo ulikuwa unamngoja.

Siku zilizofuata nilikaa nyumbani kwa ruhusa ya shule. Nilikuwa nimetazamia kuwaona hao minyoo wakitoka, nikawa nachungulia chooni kwa tochi ya simu, nikiona aibu mwenyewe. Sikuona kitu. Daktari alikuwa amesema ni wadogo mno, lakini nilitaka kuona kitu chochote kilichokuwa kimekaa ndani yangu muda wote ule. Badala yake hamu ya mawe ilififia. Asubuhi moja niliweka kipande mdomoni, nikaona ni jiwe. Nikalitema na kutupa yote yaliyobaki.

Wiki chache baadaye hedhi ilirudi. Kwa hesabu ya daktari hiyo ilikuwa habari njema, mwili umeanza kupata damu ya kutosha hata ukawa na ya ziada. Mimi nililia mchana kutwa. Jirani alinisikia kupitia ukuta, kwa maana aliacha kuimba, lakini hakuja.

Shuleni nilimweleza naibu wa mwalimu mkuu peke yake. Nilidhani ni vizuri asikie kutoka kwangu.

"Ilikuwa minyoo," nikamwambia.

Alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka, kisha akajiziba mdomo kwa mkono. "Nisamehe, mwalimu. Pole sana. Kusema kweli pole sana."

"Si kitu," nikasema. Hata mimi karibu nicheke.

Baada ya hapo sikuhitaji kumweleza mwingine. Wema wao haukukatika ghafla, la, hawakuwa watu wa namna hiyo. Uliondoka kwa adabu. Kiti chenye mto kilibaki dirishani, lakini siku moja nilimkuta mwalimu wa gredi ya tano amekikalia, akaniambia, "Ulikitaka?" nami nikasema hapana. Kipindi cha michezo kilinirudia kwenye ratiba. Kanisani niliketi mahali pangu pa zamani, karibu na mlango. Mayai yaliisha. Mpishi tu ndiye aliyeendelea na uji wake. Nikamwambia, "Mama, mimi si mjamzito." Akanijibu, "Najua. Si ulikosa damu? Kunywa." Nilikunywa. Muhula ule ulipoisha alipata kazi shule nyingine upande wa Kianjokoma, karibu na kwa binti yake, akaenda.

Mume wangu alirudi kwenye maneno ya mvua na gesi. Lakini alinitumia kifurushi kwa gari, na ndani yake kulikuwa na gambuti nyeusi za mpira, kubwa kunizidi. Hakuandika kitu. Jioni nilimpigia.

"Zimefika," nikasema.

"Zinatosha?"

"Zinatosha."

Nilizivaa na soksi mbili mbili. Nilipopimwa tena Embu niliambiwa nimepona, damu imepanda vizuri, na daktari akanipongeza. Kilima nilikipanda bila kusimama. Watu waliniambia nimenawiri.

Desemba shule zilipofungwa tulikutana Kanyakine, yeye na mimi, kwa siku nyingi kuliko tulivyozoea. Jumapili moja baada ya kanisa tuliketi nje tukipukuchua mahindi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Yale ya kliniki hatukuwa tumeyataja hata mara moja tangu siku ile.

"Nilikuwa nimemwambia msimamizi wetu," akasema ghafla.

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba mwisho wa mwaka nitaomba ruhusa. Kwamba nyumbani kutakuwa na mtoto."

Nilishika gunzi nililokuwa nalo bila kulipukuchua. "Na baadaye ulimwambiaje?"

"Sikumwambia kitu. Nilishindwa." Alitupa gunzi lake kwenye rundo, akachukua jingine. "Juzi ameniuliza kama ni msichana au mvulana."

"Ukamjibu?"

"Nikasema msichana."

Nilimtazama. Hakuinua uso. Vidole vyake vilikuwa vinazidi kupukuchua, haraka haraka, punje zikiruka nje ya ungo na kuangukia nyasini.

"Akanipa hongera," akasema. "Wote pale mjengoni wakanipa mkono. Januari nikirudi watataka kuona picha."

Nilisogeza kigoda changu karibu na chake mpaka magoti yetu yakagusana, nikaokota zile punje zilizoanguka na kuzirudisha katika ungo. Tukaendelea na kazi. Baadaye alisimama, akajikung'uta maganda, akasema baridi imeanza na afadhali tuingie ndani.